Bi Mdogo Katoka Eda

Baba Hawa,

Mwanao anaolewa wiki hii, rejeta ya gari lako ilikufa tukaweka nyingine, na fundi aliyeiweka ni bibi harusi mwenyewe, na singo lake la manjano usoni!

Haya, sasa ndiyo nakusalimu. Amani ikufikie hapo ulipolala, mume wangu, na udongo uwe mwepesi juu yako. Sisi wazima. Goti langu lilelile, bati la uani linavuja palepale ulipoahidi kuziba, na jirani bado anafuga bata.

Nimeshika kalamu kwa sababu makaburini wanawake hatuendi, unajua, na mdogo wako Shomari akija kukuzuru anakusomea dua, anajifuta uso, anaondoka. Habari za nyumbani hakupi. Wanaume hawajui kupeleka habari, wanapeleka salamu tu. Basi mimi huyuhuyu wa darasa la saba ndiye nitakayekueleza, na mwandiko wangu uuvumilie kama ulivyouvumilia siku zote. Si ulikuwa unasema herufi zangu zinatembea kama kuku aliyekanyaga wino? Leo kuku ana mengi.

Nianze na Bi Mdogo, maana najua ndiye utakayemuulizia kabla yangu.

Unakumbuka jina lile lilivyokuja. Ulilitoa gari bandarini mwenyewe, la bluu, Hawa akiwa hajaanza shule, ukaliingiza uani kwa honi tangu mwanzo wa mtaa. Majirani wakasema Baba Hawa kaongeza mke. Gari likawa Bi Mdogo, mimi nikawa Bi Mkubwa, na wewe ukalipokea jina hilo meno yote nje. Kila Ijumaa unamwogesha mwenzangu kwa sabuni ya maji, mimi naambiwa mafuta ya nazi yapo kabatini. Sikuona wivu. Wivu wa nini? Mwenzangu alikuwa hajui kupika.

Sasa kwenye msiba wako, tumekaa mkekani, mmoja akauliza, "Na gari je, nani atakuwa analiwasha?" Mimi na mdomo wangu huu nikajibu, "Mwacheni Bi Mdogo, naye kafiwa na mume. Akae eda kama mimi." Wanawake wakacheka na machozi yao. Mzaha, Baba Hawa. Wewe ungecheka kuwashinda wote.

Dada yako Zuhura hakucheka. Kesho yake nasikia uani matofali yanaburuzwa. Kuchungulia, wifi yangu kalifunika gari lote kwa mashuka meupe, kayakandamiza kwa matofali, na ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga yake. Hawa akamwambia, "Shangazi, gari linataka kuwashwa angalau mara moja kwa wiki, lisipowashwa linaharibika." Zuhura akamjibu, "Mwenye eda hatoki."

"Silitoi, shangazi. Naliwasha tu hapahapa."

"Mwenye eda hapigi kelele."

Wallahi ndivyo alivyosema. Na mtaa huu ulivyo, jambo likishaanza halina breki. Wanawake waliokuja kunihani walikuwa wakitoka chumbani kwangu wanapita kwa Bi Mdogo, wanagusa shuka, "Pole nawe, bibi." Shehe aliposikia alicheka mpaka akavua miwani, akasema eda ya chuma hajaisoma kwenye kitabu chochote. Zuhura akasema mashehe wa siku hizi wana haraka.

Ningeweza kutia neno. Nyumba yangu, mume wangu, mzaha wangu. Sikutia. Dirisha la chumba nilichokalia eda linatazama pale gari lilipo, na kabla ya mashuka kila nikinyanyua macho nilikuwa nakiona kiti chako, kimesukumwa nyuma kabisa kwa miguu yako ile mirefu, hakina mtu. Lilipofunikwa nikawa nanyanyua macho bila tabu. Kwa hiyo nikanyamaza, na Bi Mdogo akakaa eda yake mpaka mwisho, hakukosa hata siku.

Siku niliyotoka eda nilioga, nikavaa, nikafukizwa udi, nyumba ikajaa. Zuhura akafungua pindo, akatoa ufunguo kama anatoa zaka. Hawa akaleta betri, akaunga nyaya kama ulivyomfundisha, akaliwasha. Likawaka, Baba Hawa! Nilipiga vigelegele mpaka wale bata wakapanda ukuta. Shomari akaingia ndani ya gari, kwa fujo ile hakuna aliyemtazama alivyokaa, akatoka nalo langoni. Hakufika mbali. Mbele ya Mchikichini palepale kwenye vibanda vya viatu vya mitumba, likaanza kufuka kama sufuria la mahindi. Mvuke huku, maji yanatiririka kule, Shomari karuka nje anapunga kofia. Wauza viatu ndio waliolisukuma kulirudisha, wanaimba, "Bi Mdogo kachoka, mpelekeni kwao." Nilitoka langoni nikawauliza kama mama zao walizaa ng'ombe au watu. Kisha nikawapa maji ya kunywa, maana walikuwa wamesukuma kweli.

Hapo ndipo neno lilipozuka. Zuhura akasimama mbele ya watu. "Nimeshazungumza na mtu, ana gari la harusi, jeupe, lina kiyoyozi na maua yake. Bibi harusi atatoka na hilo. Hiki chuma kiuzwe kwa wanaopima kwa kilo."

Hawa akasema, "Baba alishasema."

Akasema hivyo tu, akaingia ndani.

Na ulishasema, huwezi kukataa. Siku ulipopokea posa, wazee wa mchumba wake Idrisa wote wamekaa barazani, umejaza pilau mdomoni, ukawaambia, "Mwanangu atatoka nyumbani kwangu ndani ya gari langu. La kukodi simpandishi." Punje zikakudondokea kifuani, ila neno likatoka zima. Mtoto alikuwa nyuma ya pazia, kalisikia. Na tangu umetutoka hakuniomba kitu kingine, Baba Hawa. Ukumbi hakuutaka, wala dhahabu. Alitaka atoke na gari lile, asizimikiwe njiani. Maana hilo nalo lilikuwepo: bibi harusi asimame barabarani, mvuke umemfunika, watu wanapiga picha kwa simu. Zuhura alilisema hilo kila siku, asubuhi na jioni, kama mtu anayekunywa dawa.

Gari lilipopoa Hawa akafungua kifuniko cha rejeta, akaachia maji chini. Yalitoka mekundu mazito kama mchuzi wa pweza. Halafu, mume wangu, yakafuata mabonge ya njano. Hawa akayashika, akanusa, akanitazama. "Mama, hii bizari."

Nikakaa chini kwenye kigoda, nikacheka mpaka nikasahau ninachochekea.

Kumbe ile ya kila mwezi! Mimi nasaga bizari ya manjano naweka kwenye kopo, nikirudi kopo nusu. Nikiuliza, unajibu, "Bizari ya leo nimempa mwenzio." Nikadhani utani. Kumbe kila rejeta ikitoboka kidogo unatia kijiko cha bizari izibe tundu, unasonga mbele. Na maji yale ya kisima chetu ya chumvi, nilikukataza mara ngapi? Ukasema injini haina ulimi, haijui chumvi. Haya, ulimi haina, lakini mbavu inazo. Chumvi na kutu vimekaa mule eda nzima bila kutikiswa, vikatafuna ndani. Hawa alipoitoa ile rejeta na kugusa vile vibati vyake vyembamba vya katikati, vilimomonyoka kidoleni kama biskuti kwenye chai. Akasema haiwezi kuzibwa wala kuchomelewa, hii ni kubadilisha.

Tatizo likawa moja. Siku hiyohiyo Zuhura, ambaye ndiye kungwi, akamwingiza Hawa ndani kwa singo. Bibi harusi hatoki, haonekani barabarani, anasuguliwa manjano na liwa na maji ya mawaridi mpaka ang'ae. Na mtaa wa Gerezani kwenye maduka ya spea hawakuuzii kwa maneno, unakwenda na kile kibovu mkononi wakupimie kingine. Shomari hawezi kutofautisha rejeta na feni ya mezani. Kwa hiyo nani alikwenda? Sema. Mkeo!

Nikaivika ile rejeta kanga, nikaipakata kwenye bajaji kama mtoto mwenye homa. Maji yaliyobaki yakaanza kunitiririkia mapajani. Dereva akageuka: "Mama, mtoto kakulowesha." Nikamwambia, "Huyu ana miaka ishirini na kitu na bado anajikojolea, baba yake alimdekeza." Alicheka mpaka karibu atuingize kwenye mkokoteni wa nanasi.

Hawa alikuwa amenifunza kitu kimoja kabla sijatoka: "Mama, gari letu ni la gia za kujibadilisha zenyewe. Angalia chini ya rejeta, kuna vichuchu viwili vya mafuta ya giaboksi. Isiyo navyo usiichukue, hata wakupe bure." Nimefika Gerezani, duka la mbele linaye Mchaga mmoja, kijana, kakaa juu ya rundo la matairi. Shikamoo, marahaba, mangi wangu hujambo. Kaipima yangu kwa macho, kaingia, katoka na moja inayong'aa.

"Mama, hii mpya kabisa, bado ina harufu ya kiwanda."

Nikaiinua, nikaigeuza juu chini mbele ya watu kama kuku wa mnada. "Vichuchu vyake viko wapi?"

"Ah mama, vile havina kazi, tunaziba tu mipira na kamba."

"Mwanangu, ukizibwa pua na kamba utafika nyumbani?"

Watu dukani wakaangua kicheko. Wa duka la pili akapaza sauti, "Mangi, leo umepata mkaguzi!" Kijana mwenyewe akacheka, akasema shikamoo mara ya pili, ile ya adabu hasa, akaniletea yenye vichuchu. Nikaipima shibiri kwa shibiri na ile ya zamani, juu na ubavuni. Sawasawa. Akaniuliza, "Mama, wewe fundi?" Ningefanyaje? Nikamwambia mimi ndiye niliyemzaa fundi, na mume wangu alikuwa na wake wawili, nimekuja kumtibu mdogo. Akanitilia dumu la yale maji ya kijani ya rejeta kama zawadi ya harusi. Mtu mzuri sana. Naye nimemwalika.

Nimerudi nyumbani, wifi yangu kasimama mlangoni pa chumba cha singo, mikono kiunoni. "Hatoki."

Hawa akajibu kutoka ndani, "Shangazi, mimi sitoki. Uani ni ndani."

Zuhura akafikiri. Uani una ukuta, una lango, lango lina kufuli. Akatafuta kosa, hakuliona. Akatoka Hawa, Baba Hawa, kavaa ovaroli lako la bluu kakunja miguu mara tatu, kichwani kitambaa, uso mzima wa njano kwa singo, mikono ya njano mpaka viwiko. Nilitamani uwe na dirisha hapo ulipo. Mabibi harusi nimewaona wengi mtaa huu, wamekaa kwenye viti kama maandazi kwenye sahani. Wangu alikuwa na spana!

Alifunga mpira wa juu, akafunga wa chini, ule wa zamani uliganda ikabidi aukate kwa kisu changu cha samaki. Akairudisha feni mahali pake, akaunga ile mipira miwili ya mafuta, akakaza nati moja moja huku Zuhura amemshikia taa ya simu. Ndiyo, Zuhura. Alianza kwa kusema anashika ili mtoto asijichafue uso. Baadaye nikamsikia anauliza, "Na hiki cha nini?" Baadaye tena, "Kaza vizuri hapo, panalegea." Mpiga hina akafika kwa miadi yake, kamkuta bibi harusi ana grisi kwenye kucha, kashika mdomo. Zuhura akamgeukia: "Unashangaa nini? Grisi inatoka kwa sabuni ya unga na limau. Kaa usubiri."

Hawa akamimina yale maji ya kijani polepole, akawasha injini kifuniko kikiwa wazi. Alisema hewa lazima itoke yote, ikibaki ndani gari litachemka tena hata rejeta ikiwa ya dhahabu. Tukasimama watatu, tumeinama, tunatazama mapovu yanapanda, moja, jingine, kama chungu kinachotaka kuchemka na hakichemki. Yakapungua. Yakaisha. Feni ikawaka yenyewe, ikazima yenyewe. Hawa akapangusa mikono kwenye ovaroli lako akafunga kifuniko. Wewe ulikuwa vilevile, kazi ikikubali unapangusa mikono tu.

Zuhura alikuwa ameegemea ukuta. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Wifi, mlio uleule. Nimedhani kaka anaingia." Akaenda kunawa uso. Sikumfuata. Kila mtu na lake.

Ikabaki kulijaribu barabarani, kwenye foleni, maana gari linaweza kuwa zuri uani likakuaibisha Kariakoo. Hawa hatoki, kwa hiyo ni mimi na Shomari. Shomari akaketi kwenye kiti chako, na safari hii tulimwona. Miguu inaning'inia. Siku ile ya Mchikichini alikuwa akikanyaga breki kwa ncha ya kidole, amekaa ukingoni kama kasuku, aliogopa kusema. Hawa akainama dirishani. "Mama, tusogeze kiti?"

Hakuna aliyekisogeza tangu ulipoinuka juu yake. Si Zuhura alipofunika, si Hawa alipounga betri. Wote walikuwa wanajua bila kuambiwa.

Nikasema sogezeni. Hawa akavuta kile kichuma cha chini. Kililia kidogo, kikateleza mbele, kikashika. Basi. Nilidhani patakuwa na zaidi ya hapo.

Tukatoka. Tukapita Msimbazi jua la mchana, foleni imesimama, mikokoteni mbele, bodaboda ubavuni, mtu anauza soksi dirishani. Mimi macho kwenye mshale wa joto kama mpishi aliyebandika maziwa. Ukapanda mpaka katikati, ukakaa. Shomari ana jasho, mshale hauna. Tukaenda mpaka Buguruni, tukageuza kwenye msongamano wa sokoni, bado katikati. Nikamwambia Shomari, pitia makaburini.

Sikuingia. Tulisimama nje ya ukuta, kwenye kivuli, nikamwambia asizime. Tukakaa pale injini inanguruma, labda ulisikia. Nilitaka uisikie ikiwa nzima. Shomari akaniuliza tunangoja nini, nikamwambia nautazama mshale.

Tuliporudi lango lilikuwa wazi na Zuhura yupo nje, simu sikioni, anamwambia yule mtu wa gari jeupe kwamba samahani, bibi harusi ana gari la kwao. Kisha akanigeukia: "Ila maua mnaweka. Na mimi nakaa mbele." Nikamwambia akae. Namjua, akikaa nyuma atanung'unika mpaka Temeke kwa kina Idrisa.

Nimemaliza habari, Baba Hawa. Kwa heri, pumzika. Neno lako tumelitimiza nusu, nusu iliyobaki ni barabara, na barabara tumeshaijaribu. Nami nakupa langu: Bi Mdogo hakai eda tena. Atawashwa kila wiki, maji ya kisima hatayaonja, na bizari yangu itakaa kwenye kopo lake. Na jingine, usicheke. Nilipokuwa peke yangu uani jana nilikikalia kile kiti. Mimi na Shomari ni wafupi sawasawa. Miguu ilifika. Shughuli ikiisha, Hawa atakuwa anakuja kunifundisha, na mtaa huu utaona Bi Mkubwa anamwendesha Bi Mdogo.

Kanzu ya Shomari imeshapigwa pasi, maua yapo kwenye ndoo, na maji ya kijani nimeyaangalia mwenyewe leo, yamejaa. Watu wa Temeke wanakuja, wa Gerezani wanakuja, wale wauza viatu wa Mchikichini nao wamesema watakuja na watapisha njia. Wote, Jumamosi, baada ya alasiri.

Mkeo,
Mama Hawa